Tahadhari kwa wanunuzi wa waridi la jangwani: ombeni kwanza kuona kilicho chini ya udongo

Ninawatahadharisha wapenzi wa mimea kuhusu muuzaji anayetangaza waridi la jangwani katika makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, kwa sababu ulaghai wake umejengwa juu ya jambo la kweli na huwanasa hata watu waangalifu.

Mmea huu, ambao jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum na ambao huota wenyewe katika nyika kavu kama za Tsavo na Baringo nchini Kenya, huhifadhi maji katika shina lililovimba, na sehemu ya shina hilo hukaa ardhini. Mkuzaji mwenye subira huuinua kidogo kila anapobadilisha chungu, mpaka uvimbe uonekane. Muuzaji huyu hutuma picha ya shina nono kama mtungi, kisha huleta kijiti chenye maua mawili kilichozungushiwa kokoto nyeupe, akidai kwamba unene wote umefukiwa. Nilimwamini, nikalipa shilingi 90,000 kwa simu. Nilipoondoa kokoto wiki ya tatu, nilikuta pingili ya tawi yenye mizizi michache myembamba kama nyuzi.

Pingili huota na hata kuchanua, lakini kwa kawaida haifanyi shina lile nono, ambalo ni sifa ya mche uliooteshwa kwa mbegu na huanza kuonekana mche ungali mdogo. Kwa hiyo, kabla hamjalipa, mwambieni muuzaji afukue udongo kwa kina cha vidole viwili mbele yenu. Mmea hauumii kwa hilo.

Jirani yangu alipewa shina nono la kweli, na jambo hilo limenisikitisha zaidi, kwani mzizi mkuu ulikuwa umekatwa kwa panga na mmea wenyewe ulikuwa umechimbwa porini. Kidonda kilipandwa kibichi katika udongo wenye maji, badala ya kuachwa kikauke kivulini, na shina lililokua kwa miaka mingi likaoza ndani ya mwezi mmoja.

Aidha, muuzaji hasemi kwamba utomvu wake ni sumu, ile iliyopakwa kwenye mishale ya wawindaji. Wenye watoto wadogo wauweke mbali, na anayeukata anawe mikono.

Nilipodai fedha zangu alinifungia mawasiliano. Namba zake hubadilika, ila picha ni ileile: chungu cha bluu juu ya ukuta wa matofali, na ua moja jekundu lililoelekea kushoto.