AutoCAD kwa wachoraji watatu wasiofanana

Ofisi yetu ya ramani za nyumba iko Sinza, Dar es Salaam, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, na wachoraji tuko watatu. Sote tunatumia AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, na hakuna wawili wanaochora sawa. Wanaoisifia programu hii huanza na mambo mapya ya kila mwaka. Mimi nayaruka hayo. Ninachotaka kujua ni kama itauacha mkono wangu ufanye kazi ulivyozoea.

Mimi ni mtu wa kibodi. Ukuta wa tofali la inchi 6: naandika O (kifupi cha OFFSET, amri ya kunakili mstari kwa umbali fulani), nagonga kitufe kirefu, 150 za milimita, nagonga tena, nabofya mstari, nabofya upande, ukuta umesimama. Kona zikigoma kukutana naandika F (FILLET, amri ya kuunganisha kona), nashikilia Shift na kugusa mistari yote miwili. Inafunga kona kali hata kama nilikuwa nimeacha kipimo cha kuviringisha kona kutoka kazi ya jana. Macho hayatoki kwenye mchoro.

Mdogo wetu, binti aliyemaliza chuo juzijuzi, yeye mausi tu. Ule utepe mpana wa vitufe ulioingia na toleo la 2009 ameukuta tayari, na kwake ndio AutoCAD yenyewe. Tena huchagua vitu kwanza ndipo atoe amri, wakati mimi natoa amri kwanza. Mpangilio uitwao PICKFIRST ukiwa 1, programu inatukubali wote wawili. Nilikuwa namcheka, ila kwenye majedwali ya milango na madirisha ananiacha mbali: mimi bado nawaza amri inaandikwaje, yeye kashabofya.

Mzee wetu ni wa menyu za kushuka. Toleo la 2015 lilipoondoa ule mpangilio wa zamani ulioitwa Classic, wengi wa rika lake walinuna. Dawa ni fupi: MENUBAR iwe 1 ili menyu zirudi, kisha RIBBONCLOSE ya kufunga utepe, na skrini inarudi karibu na ile aliyoizoea.

Kivumbi kilikuwa TRIM, amri ya kukata mistari iliyozidi. Zamani ulichagua kwanza mistari ya kukatia. Sisi wenye haraka tuligonga TR na kitufe kirefu mara mbili, kila mstari ukawa kisu, tukaanza kukata. Tangu toleo la 2021 kila mstari ni kisu bila kuombwa, hivyo kule kugonga mara ya pili kunafunga amri. Unabofya ukidhani unakata, kumbe unachagua. Binti aliupenda utaratibu huo siku hiyohiyo, anaburuta mausi juu ya vipande na vyote vinaondoka. Mzee alitaka kurudi toleo la nyuma mpaka tukamwekea mpangilio wa TRIMEXTENDMODE kuwa 0, unaorudisha utaratibu wa zamani. Mimi nimeuacha mpya. Vidole vililalamika, vikazoea.

Kitu ninachokipendekeza kwa yeyote ni faili la acad.pgp, ambako unajiandikia vifupisho vyako. COPY kwangu ni C, maana naitumia kutwa, na duara nimelipa CC. Kingine kimo kwenye OPTIONS, dirisha la mipangilio: bofyo la kulia likiwa la haraka linakuwa Enter, ukilishikilia kidogo linafungua menyu. Hicho ndicho pekee tulichokubaliana wote watatu.

Kero yangu ni kukalia kompyuta ya mwenzio. Mipangilio mingine inakaa ndani ya mchoro, mingine kwenye mashine, na mgeni hajui ipi iko wapi. Ukigonga C yako unapata duara. Kila mmoja atengeneze profaili yake, yaani mipangilio yake ya mashine, na kuihifadhi kama faili la .arg kwenye flashi, pamoja na acad.pgp yake, maana vifupisho havimo kwenye .arg. Utajishukuru siku mashine inapofutwa na kupangwa upya.

Gharama ni ya kulipia kila kipindi, leseni ya kununua mara moja hawauzi tena, na kwa ofisi ndogo hiyo inauma. Kama kazi zako ni ramani za kibali cha ujenzi, AutoCAD LT, ile ndogo ya bei nafuu, inatosha. Haina 3D, lakini tangu toleo la 2024 inaendesha AutoLISP, lugha ya kuandikia viprogramu vya kurahisisha kazi, na mimi nilikuwa naogopa LT kwa sababu ya hizo LISP tu. Mteja anayetaka kuiona nyumba yake imesimama, tunamchorea kwa SketchUp, programu nyingine ya 3D.