Pawabenki ya safari ndefu: soma mstari wa Input kabla hujatoa pesa

Malalamiko ya vijana wanaofunga shanta na kutoka Mombasa kwa miezi miwili mitatu yanafanana mno. Simu ilizimika Mbeya, mama akakaa siku tatu bila habari, nyumbani watu wakaanza kuulizana nani aliyeongea naye mwisho. Ukiuliza kuhusu bando, lilikuwapo. Mtandao nao ulikuwapo. Kilichokosekana ni chaji, na pawabenki ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ilikuwa humohumo begini, tupu, kwa sababu usiku wa gesti haukutosha kuijaza.

Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo wauzaji hawapagusi. Kila mteja huuliza ina mAh ngapi na inachaji simu haraka kiasi gani. Msafiri anatakiwa aulize: yenyewe hujaa kwa saa ngapi? Nyumbani jambo hili halina uzito, waichomeka jioni na asubuhi imejaa. Njiani stima hupatikana kwa vipande: saa mbili kwenye mkahawa wa stendi, saa tatu kwenye gesti inayowasha jenereta baada ya magharibi na kuizima saa nne usiku, nusu saa mpakani Horohoro ukingoja foleni ya pasipoti.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa. Pawabenki ya 10,000 ina wati-saa 37, ya 20,000 ina 74. Sasa igeuze nyuma, utafute maandishi madogo yanayoanza na neno Input, yaani umeme unaoingia. Yakisema 5V/2A, zidisha, hizo ni wati 10. Gawanya 74 kwa 10 upate saa saba na kitu, uongeze umeme unaopotea kama joto na kasi inayopunguzwa betri ikikaribia kujaa, na utajikuta unangoja saa kumi hata kumi na moja. Yakisema 9V/2A, ni wati 18, na muda unashuka hadi saa tano hivi. Ya wati 30 hujaa kwa saa tatu na nusu hadi nne. Kwa jenereta ile ya saa tatu, pawabenki ya wati 10 itapata theluthi moja tu, ya wati 30 itakaribia kujaa. Na zote mbili zimeandikwa 20,000 kwa herufi kubwa mbele.

Maboksi hupotosha. Ule mng'aro wa "22.5W" kwenye karatasi ya mbele ni Output, yaani kasi ya kutoa. Kuna pawabenki zinazotoa wati 22.5 na kupokea 10. Nyingine zina tundu la Type-C ambalo ni la kutolea tu, na la kuingizia umeme ni lile la Micro, ambalo ni la pole. Usitazame umbo la tundu, soma kilichoandikwa kando yake: IN, OUT, au IN/OUT.

Halafu kuna chaja na waya, ambavyo wengi hawavihesabu. Chaja nyingi zinazokuja na simu zina kasi kwa simu za kampuni yao tu. Ukizichomeka kwenye pawabenki hurudi kwenye wati 10 ileile. Unahitaji chaja iliyoandikwa PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji haraka unaokubaliwa na kampuni nyingi), ya wati 30 au zaidi, yenye matundu mawili ili simu na pawabenki vijae pamoja kwenye soketi moja. Waya uwe wa C kwa C, kwa kuwa mfumo wa PD haupiti kwenye waya wenye kichwa kipana cha USB cha zamani. Mtu ananunua pawabenki nzuri kisha anaijaza kwa waya wa kichochoroni, na anailaumu pawabenki. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zitakufaa Tanzania, Uganda na Zambia. Ukielekea Ethiopia au Rwanda utakuta matundu ya duara mawili, basi beba adapta.

Sasa uchaguzi wenyewe.

Namba moja ni Anker ya 20,000 yenye Type-C ya IN/OUT inayopokea wati 20 na kuendelea, bora 30. Tunaipendelea Anker na hatulifichi hilo. Ukubwa huo wa wati-saa 74 uko chini ya 100, kikomo ambacho chini yake mashirika ya ndege hayadai kibali. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali, na kupita 160 hairuhusiwi kabisa. Hubebwa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Usitarajie simu yako ichukue mAh 20,000 zote, hakuna pawabenki inayofanya hivyo. Kipimo hicho ni cha betri za ndani kwa volti 3.7, na ukishapandisha hadi volti 5 na kupoteza joto, unabaki na karibu 12,000. Kwa simu ya 5,000 hiyo ni mara mbili na nusu hivi.

Kingine kinachoipa Anker nafasi ya kwanza ni chaji ndogo. Wasafiri wenye busara huacha laini ya nyumbani ndani ya kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, wakaweka laini ya nchi waliyomo kwenye simu kubwa. WhatsApp huendelea kwa namba ya zamani hata laini yake ikiwa nje ya simu hiyo, lakini simu ikiibwa na ukaanza upya, namba ya kuthibitisha itakuja kwa SMS kwenye laini ya nyumbani, kwa hiyo kabambe lazima iwe hai. Kabambe huvuta umeme kidogo sana, na pawabenki nyingi hudhani hakuna kilichochomekwa, zikajizima baada ya dakika chache. Asubuhi unaikuta kabambe ilivyokuwa jana. Anker nyingi zina hali ya chaji ndogo: bonyeza kitufe mara mbili, na kwenye modeli nyingine ukishikilie sekunde mbili, nayo haitajizima.

Ila chunga modeli zilizoitishwa na kampuni yenyewe, na hii si ya pekee. Juni 2025 Anker iliitisha zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja za PowerCore 10000, modeli A1263, zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya betri kupata joto na kushika moto. Bidhaa za mitumba kutoka huko hufika kwetu. Namba ya modeli imechapwa mgongoni au ubavuni. Ukiona A1263, iache hata kwa bei ya bure.

Namba mbili ni Redmi ya 20,000 ya Xiaomi. Inapokea wati 18, inayo chaji ndogo, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Kasoro yake ni kwamba tundu la C ni la kuingizia tu. Simu utaichaji kwa waya wa kichwa kipana, hivyo unabeba nyaya mbili. Tena ni nzito kwa shanta, karibu nusu kilo.

Namba tatu Oraimo. Inatoka kwa Transsion, wenye Tecno, Infinix na Itel, na ukiharibikiwa hutakosa pa kuirudisha. Lakini modeli zake ni nyingi na zinafanana sura huku Input zikitofautiana, kwa hiyo soma kila moja ukiwa umesimama hapo hapo dukani. Ya 10,000 inamtosha anayefika Tanga na Unguja akarudi.

Za sola ziko mwisho. Ile paneli ndogo mgongoni hutoa wati moja na kitu kwenye jua kali, kwa hiyo wati-saa 74 zinataka zaidi ya saa hamsini za jua la mchana, na wakati huo betri yenyewe inaungua kwa joto na kuanza kuvimba. Ikivimba, usiichaji tena.

Zile zisizo na jina zinazopitishwa madirishani mwa mabasi Mwembe Tayari, zilizoandikwa 50,000: kwa hesabu ileile hizo ni wati-saa 185, zisingeruhusiwa ndani ya ndege yoyote, na betri za ukubwa huo zingekuwa na uzito wa karibu kilo. Ishike mkononi, utajua.

Na wauzaji nao wamezidi. Unaomba kufungua boksi usome mgongo, unaambiwa ukifungua umenunua. Barabara ya Digo kitu kimoja kina bei tatu kwenye maduka matatu yanayotazamana, na ya juu kabisa ni ya mwenye begi mgongoni. Waranti ya mwaka hutajwa kwa mdomo. Ukirudi, aliyekuuzia hayupo na aliyepo hajui. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi kwamba ulilipa, hausemi ulinunua nini. Dai risiti yenye mhuri, tarehe na namba ya modeli iliyoandikwa kwa mkono mbele yako, na anayekataa kuandika mwachie bidhaa yake.

Nunua wiki mbili kabla ya safari. Imalize chaji kabisa, ijaze kwa chaja na waya uleule utakaoubeba, uandike saa ilizochukua. Ya wati 30 ikipita saa tano na nusu, badilisha waya kwanza, kisha chaja. Ikiendelea hivyo, irudishe dukani na risiti yako.