Chaja ya kutunza betri ya ndege ndogo: ni nzuri, ila taa ya kijani isikudanganye

Nimeitumia hii chaja muda wa kutosha sasa, ni ile ya volti 24 yenye kipima joto, ndege ikiwa bandani unaiacha imechomekwa tu, na niseme mapema kazi inaifanya, ila yale maneno ya kwenye boksi eti inafufua betri iliyokufa yaacheni hukohuko kwenye boksi.

Shida ya hizi ndege zetu ndogo ni kukaa. Unaruka leo alafu wiki kadhaa kimya. Betri ya risasi na asidi ikikaa inajiishia yenyewe polepole, joto likizidi ndo inaisha haraka, na zipo ndege ambazo saa yake inakula umeme hata masta swichi (swichi kuu ya umeme wa ndege) ikiwa imezimwa. Sasa ikikaa muda mrefu haijajaa, plati za ndani zinaota salfeti (utando wa chumvi ya risasi), mwanzoni ukichaji inayeyuka, ikichelewa inaganda ngumu na sehemu hiyo ya betri ndo imeondoka hivyo. Kuna watu watakwambia we washa injini pale chini dakika chache itajaa. Haijai bana! Injini ikizunguka taratibu altaneta (ile inayozungushwa na injini kuchaji betri) inatoa kidogo, stata (mota ya kuwashia injini) imeshachukua chake, redio na taa nazo zinavuta, na ile asilimia ya mwisho ya chaji inataka masaa, sio dakika.

Hapo ndo hii chaja inapolipa. Inajaza, ikishajaza inashusha volti inabaki kuishikilia tu. Kipima joto nilidhani ni urembo kumbe ndo cha maana, maana betri ikiwa ya moto inataka volti ndogo kidogo na ikiwa ya baridi inataka zaidi, chaja ya gari ya kawaida nyingi hazijali hilo, na zile zenye kitufe cha "kurekebisha" zinapandisha volti mpaka betri ya kufungwa inapoteza maji ambayo huwezi kuyarudisha.

Sasa taa ya kijani. Ile inakwambia volti, basi. Betri ya 24 iliyojaa ukiipumzisha masaa kadhaa inasoma kama 25.5 kwenda juu, na betri iliyochoka nayo inaweza kusoma hivyohivyo, na ikapiga stata vizuri tu. Uwezo wake halisi unajulikana kwa kipimo cha fundi, anaivuta umeme kwa kiwango maalumu anaangalia imedumu muda gani, ikiwa chini ya asilimia 80 watengenezaji wengi wanasema itoe. Watu wanaona usumbufu, ila altaneta ikifa uko juu, redio na vyombo vyote vinategemea hiyo betri, hapo kijani cha bandani hakikusaidii kitu.

Malalamiko yangu: waya mfupi mno, kijitabu kina maandishi ya sisimizi, na hawasemi wazi kwamba inatakiwa ifike kwenye betri moja kwa moja. Kwenye ndege kadhaa ile soketi ya umeme wa nje haifiki betri mpaka uwashe masta, kwa hiyo unaweza kuchomeka ukaondoka na roho safi kumbe hakuna kinachoingia. Kipande cha waya chenye fyuzi cha kuifikisha chaja kwenye betri afunge fundi mwenye leseni na aandike kwenye logibuku (daftari la kumbukumbu za ndege), usijifungie mwenyewe.

Wenye betri za lithiamu hii sio yenu, tafuteni chaja ambayo mtengenezaji wa betri kaikubali. Na kama unaruka karibu kila siku, safari ndefu ndefu, sioni sababu ya kununua, mwambie tu fundi apime altaneta inatoa volti ngapi maana ikitoa pungufu betri haijai na ikizidisha inaipika. Kwa anayeruka wikendi moja moja, chukua, ila nunua na waya wa kuongezea.