Uzoefu wangu na daktari wa kutembelea: punda aliyechechemea bila sababu kuonekana

Nafuga punda mmoja anayevuta mkokoteni wa maji na magunia ya mpunga hapa Mwea, kaunti ya Kirinyaga. Mwaka huu alianza kuchechemea mguu wa mbele, na hakuwa na jeraha, uvimbe wala msumari uliomchoma. Naeleza huduma niliyopata kwa daktari wa mifugo anayewafuata wateja nyumbani, kwa sababu wengi wetu tunaoishi kwa kazi ya punda tuna fedha kidogo na hatuna budi kuchagua la kulipia kwanza. Kununua punda mwingine si jambo jepesi: sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, ile ya 2019 ikakuta takribani milioni 1.2, na machinjio ya punda yalifunguliwa katikati ya miaka hiyo.

Kabla ya daktari, duka moja la dawa za mifugo lilikuwa limeniuzia sindano za penisilini na dawa ya maumivu. Punda alipata nafuu, dawa zikaisha, kilema kikarudi, na bado hapakuwa na mtu aliyejua mguu unauma wapi.

Daktari alitumia sehemu kubwa ya ziara yake kwa macho na mikono. Alimtazama punda akiwa amesimama, akaomba atembezwe, kisha akimbizwe polepole kwenye ardhi ngumu, huku akinieleza kwamba mnyama anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa anapokanyagia mguu mbovu na kukishusha anapokanyagia mzima. Alilinganisha joto la kwato zote mbili, akapapasa mapigo ya damu chini ya kifundo, akabana ukwato kwa koleo maalumu, sehemu baada ya sehemu. Punda hakushtuka hata kidogo. Mwingine angehitimisha papo hapo kwamba tatizo liko begani, lakini yeye alisema punda huficha maumivu kuliko farasi, na kwamba kimya chake hakithibitishi kitu.

Ndipo akatumia ganzi, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya huduma iliyostahili kila shilingi. Alichoma kiasi kidogo kando ya neva mbili zinazopita nyuma ya mguu, juu kidogo ya visigino vya ukwato, ambazo hupeleka hisia za karibu wayo wote wa ukwato. Mnyama akiacha kuchechemea, maumivu yako humo. Akiendelea, ganzi husogezwa juu hatua moja na kupimwa upya. Baada ya kama dakika kumi punda wangu alitembea sawasawa. Eksirei ingegharimu zaidi, na jipu changa la ukwato mara nyingi halionekani kwenye picha. Tena asiyejua pa kuelekeza mashine hulipia picha za mguu mzima.

Daktari alichonga wayo kwa kisu cha kwato, akafuata mstari mweusi mwembamba pale wayo unapokutana na ukuta wa ukwato, na usaha wa kijivu wenye harufu kali ukatoka. Alieleza kwamba kwato za punda hushika maji kuliko za farasi. Zikilainika kwenye matope ya mashamba ya mpunga kisha zikatwangwa kwenye barabara ya changarawe, vijiwe na uchafu hupenya kwenye mstari huo. Tiba yenyewe ilikuwa ya bei nafuu: pumba za ngano zilizochanganywa na chumvi ya Epsom na maji ya uvuguvugu, zikafungwa kwenye ukwato kwa kitambaa na mfuko imara, na kubadilishwa kila siku hadi usaha ukauke. Aliongeza sindano ya kukinga pepopunda, ambayo singeshauri mtu yeyote aiache ili kuokoa fedha, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi. Alikataza pia punda asifungwe mkokoteni siku ya ganzi, kwa kuwa mnyama asiyehisi mguu anaweza kujiumiza vibaya zaidi.

Nina malalamiko mawili. Nauli ilihesabiwa mwishoni, ilhali mteja mwenye bajeti finyu anastahili kuijua kabla daktari hajaondoka kwake. Pili, hakuniachia maandishi yoyote kuhusu alipochoma ganzi na alichokiona, nami nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari ili daktari mwingine asianze upya.

Pamoja na hayo, nitamwita tena, na kwa mwenye punda au farasi anayechechemea bila sababu kuonekana napendekeza aulize swali moja kwenye simu kabla ya kukubaliana bei: je, daktari ana leseni ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (Kenya Veterinary Board), na atakuja na koleo la kwato pamoja na ganzi? Punda wangu amerudi kazini kwa mizigo miepesi, na kwato zake sasa zinachongwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, kama daktari alivyoagiza.