Wijeti ya "sasa nasikiliza" kwenye seva yako: ListenBrainz, Last.fm au Spotify?

Kwa anayetaka jibu la haraka: chukua ListenBrainz (huduma inayorekodi unachosikiliza, kama ilivyo Last.fm) iwe chanzo cha data, weka Nginx (programu ya seva ya wavuti) katikati ikiwa na kache, yaani nakala ya muda, ya sekunde 30, kisha andika mistari michache ya JavaScript ya kuonyesha wimbo na msanii kwenye kijisanduku cha ukurasa wako. Last.fm inafuata kwa karibu, hasa kama una historia ya miaka mingi huko. Spotify moja kwa moja ni kazi kubwa kwa faida ndogo, isipokuwa kwa jambo moja ambalo hao wawili hawaliwezi. Na zile huduma za bure zinazokupa kiungo cha picha iliyokwisha kutengenezwa, unabandika na basi, sizipendekezi kabisa. Siku mwenyewe akichoka kulipia seva, ukurasa wako unabaki na picha iliyovunjika, na mpaka siku hiyo ifike yeye anamwona kila mgeni wako.

Wijeti yenyewe ni kitu kidogo. Ubora wake unaonekana pale chanzo kinapokawia, kinapokataa kujibu, au muziki unapokuwa umezimwa, kwa hiyo hapo ndipo nilipoweka uzito.

Last.fm

Ufunguo wa API (njia ya programu kuomba data) ni wa bure na hupatikana papo hapo ukijaza fomu. Kwa kusoma tu, ile siri inayokuja pamoja na ufunguo huihitaji. Ombi lenyewe ni `user.getrecenttracks` kwenye `ws.audioscrobbler.com/2.0/`, ukiongeza `format=json` na `limit=1`.

Kero zinaanza kwenye jibu. Ukiomba wimbo mmoja wakati muziki unacheza, unaletewa miwili: unaochezwa sasa na wa mwisho uliokamilika. Asiyejua huchukua kipengele cha mwisho cha orodha, halafu anashangaa mbona wijeti iko nyuma kwa wimbo mmoja. Alama ya kwamba wimbo unachezwa imo ndani ya `@attr`, kwa jina `nowplaying`, na thamani yake ni maandishi `"true"`; ukiilinganisha na `true` kwa `===` hutapata kitu. Wimbo unaochezwa pia hauna `date`, hivyo msimbo unaosoma `date.uts` bila kuuliza kwanza huanguka hapo hapo. Jina la msanii liko `artist["#text"]`, lakini ukiongeza `extended=1` linahamia `artist.name`.

Picha za albamu zipo, ila nyimbo nyingi zinarudi na ile nyota ya kijivu. Ukiona jina la faili lina `2a96cbd8b46e442fc41c2b86b821562f`, hiyo ndiyo. Itupe na uonyeshe maandishi peke yake. Kosa namba 29 maana yake umeomba kupita kiasi. Namba 17 kwa kawaida inamaanisha mwenye akaunti ameficha usikilizaji wake kwenye mipangilio ya faragha, na hapo hakuna ufunguo utakaosaidia.

ListenBrainz

Mradi huu uko chini ya MetaBrainz Foundation, wale wale wa MusicBrainz, hifadhidata ya wazi ya muziki. Kusoma usikilizaji wa mtu hakudai ufunguo: unaita `api.listenbrainz.org/1/user/JINA/playing-now` na unapata `payload` yenye orodha `listens`. Muziki ukiwa umezimwa orodha ni tupu na `count` ni 0. Hakuna cha kubahatisha wala cha kulinganisha na maandishi. Jina la wimbo ni `listens[0].track_metadata.track_name`, la msanii ni `artist_name` palepale, na albamu ni `release_name`, ingawa hii ya mwisho inaweza kukosekana. Orodha ikiwa tupu, unaita `/listens?count=1` upate wimbo wa mwisho pamoja na `listened_at`, ambayo ni sekunde tangu 1970. Kumbuka JavaScript hutumia milisekunde, hivyo zidisha kwa 1000. Ukiona wijeti inadai wimbo ulisikilizwa Januari 1970, umesahau hilo.

Udhaifu wake ni jalada, yaani picha ya albamu. Picha hutoka Cover Art Archive kwa kutumia kitambulisho cha MusicBrainz, na kwenye `playing-now` kitambulisho hicho mara nyingi hakipo, kwa sababu wimbo bado haujaoanishwa na hifadhidata. Kama jalada ni la lazima kwako, hapa Last.fm inashinda.

Kuingiza data ni rahisi: Web Scrobbler kwenye kivinjari, Pano Scrobbler kwenye Android, au Navidrome (seva ya muziki wako mwenyewe), ambayo inataka tu ubandike tokeni yako, yaani msimbo wa siri wa akaunti, kwenye mipangilio ya mtumiaji. Kwenye Android, iondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa betri. Usipofanya hivyo simu huizima kimyakimya, na utahangaika na seva bure ilhali tatizo liko mfukoni.

Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu hizi huduma mbili: zote zinapokea taarifa kwamba wimbo umeanza, lakini hazipokei taarifa kwamba umesitishwa. Ukibonyeza pumziko na kwenda zako, wijeti itaendelea kusema unasikiliza kwa dakika kadhaa. Kinyume chake, wimbo hauingii kwenye historia mpaka ufike nusu yake au dakika 4, kinachotangulia. Wanaorukaruka nyimbo wataona "sasa" ikibadilika huku "wa mwisho" ukibaki ule ule. Si hitilafu.

Spotify

Jambo lile ambalo hao wawili hawaliwezi ni hili: Spotify inajua kama umesitisha. `currently-playing` inakupa `is_playing`, `progress_ms` na urefu wa wimbo, kwa hiyo unaweza kuchora mstari wa maendeleo usio wa kubuni. Kama hilo ndilo unalolitaka, vumilia yafuatayo.

Unasajili programu, unajipa ruhusa ya `user-read-currently-playing`, na unabadilisha msimbo wa idhini kuwa tokeni mbili. Anwani ya kurudishia haikubaliki tena ikiwa `localhost`, andika `127.0.0.1` au tumia HTTPS. Tokeni ya matumizi huisha baada ya sekunde 3600, hivyo seva lazima iifanye upya kwa kutumia ile ya pili. Hapa ndipo wengi huumia: jibu la kufanya upya linaweza kuja bila tokeni ya pili, na msimbo unaohifadhi chochote kilichokuja huifuta ya zamani kwa kuandika utupu juu yake. Wijeti inafanya kazi kwa saa moja, kisha inakufa. Hifadhi mpya ikiwa imekuja. Vinginevyo iache iliyopo.

Muziki ukiwa haupo, jibu ni 204 lisilo na mwili, na `res.json()` hulipuka. Angalia hali ya jibu kwanza. Wakati wa tangazo `item` huwa `null`. Na usilikate jalada wala kuandika juu yake. Masharti yao ya usanifu hayaruhusu.

Nginx katikati

Unaweza kumwachia mgeni aite ListenBrainz mwenyewe kutoka kwenye kivinjari chake. Itafanya kazi, lakini kila mgeni atajulikana huko, na ukurasa wako ukipata wageni wengi kwa mpigo hutaweza kuwadhibiti. Kwa Last.fm ufunguo utakuwa wazi kwa kila mtu. Nginx ikiwa katikati, chanzo kikijibu vizuri hakiulizwi zaidi ya mara 2 kwa dakika, yaani 2,880 kwa siku, hata wageni wakiwa maelfu. Na huhitaji kuandika programu yoyote ya seva:

```
proxy_cache_path /var/cache/nginx/muziki
                 keys_zone=muziki:1m max_size=10m inactive=1d;

location = /muziki.json {
    resolver 127.0.0.53 ipv6=off;
    set $chanzo https://api.listenbrainz.org;
    proxy_pass $chanzo/1/user/JINA/playing-now;
    proxy_ssl_server_name on;
    proxy_pass_request_headers off;
    proxy_set_header Host api.listenbrainz.org;
    proxy_set_header User-Agent "wijeti-ya-muziki/1.0";
    proxy_cache muziki;
    proxy_cache_key sasa;
    proxy_cache_valid 200 30s;
    proxy_cache_lock on;
    proxy_cache_use_stale error timeout updating
                          http_429 http_500 http_502 http_503;
    proxy_ignore_headers Cache-Control Expires Set-Cookie;
    add_header X-Cache-Status $upstream_cache_status;
}
```

Mstari wa kwanza unakaa ndani ya `http`, si ndani ya `server`. Mengine yana sababu zake.

Ile `set $chanzo` inaonekana kama pambo, lakini ndiyo muhimu kuliko zote. Anwani ikiandikwa moja kwa moja kwenye `proxy_pass`, Nginx huitafuta IP yake mara moja tu inapowaka. ListenBrainz wakihamisha seva, wewe unaendelea kugonga mlango wa zamani mpaka upakie upya. Baya zaidi, DNS (huduma inayogeuza majina kuwa IP) ikiwa haijibu wakati Nginx inawaka, inagoma kuwaka kabisa, na tovuti nzima inalala kwa ajili ya kijisanduku cha muziki. Kigeu `$chanzo` kinailazimisha itafute jina wakati wa ombi. `127.0.0.53` ni ya mashine zinazotumia systemd-resolved. Ndani ya Docker weka `127.0.0.11`. `ipv6=off` ibakize ikiwa tu seva yako haina IPv6.

`proxy_cache_key sasa` inazuia ujanja mdogo: hata mtu akiita `/muziki.json?x=1`, halafu `?x=2`, na kuendelea, kila ombi linapata nakala ile ile ya kache. Utakaponakili kipande hiki kwa ajili ya wimbo wa mwisho, badilisha ufunguo huo, maana vikifanana anwani zote mbili zitarudisha jibu moja.

`proxy_ssl_server_name` kwa kawaida imezimwa, na usipoiwasha huenda ukapata 502 isiyoeleweka. `proxy_pass_request_headers off` inazuia vidakuzi vya mgeni, lugha yake na ukurasa alikotoka visipelekwe kwa watu wengine. `inactive=1d` ipo kwa sababu chaguo-msingi ni dakika 10: tovuti isiyo na wageni kwa muda huo hupoteza nakala yake ya zamani, na chanzo kikianguka haina cha kuonyesha.

Pima kwa `curl -I`. Mara ya kwanza `X-Cache-Status` iseme MISS, ya pili HIT. Ikisema MISS kila mara, tazama kwanza ruhusa za folda ya kache.

Kama tovuti yako ni ya faili tu na huna mamlaka juu ya Nginx, cron (kipanga-kazi cha seva) ya kila dakika inatosha: `curl -sf -o m.tmp ANWANI && mv m.tmp muziki.json`. Herufi `f` inaizuia curl isikubali ukurasa wa kosa, na `mv` inahakikisha hakuna mgeni atakayesoma faili iliyoandikwa nusu. Anwani ikiwa na alama ya asilimia, itangulize kwa mkwaju wa nyuma, kwa sababu kwenye crontab asilimia ina maana nyingine.

Upande wa ukurasa

Weka maandishi kwa `textContent`, kamwe si `innerHTML`. Jina la wimbo ni data ya mtu mwingine. Likiwa na `<`, utavunja ukurasa au utaendesha msimbo wa mgeni. Uliza kila sekunde 30, na uache kuuliza pale `document.hidden` inapokuwa kweli, yaani ukurasa umefichika. Ombi likishindwa, ficha wijeti yote. "Inapakia…" isiyoisha ni mbaya kuliko nafasi tupu.

Ipe picha `width` na `height` ili maandishi yasiruke jalada linapofika, na kama unaweza, lipakue kwenye seva yako badala ya kulichota kwa wengine. Usiweke `aria-live`: anayetumia kisoma-skrini hataki kukatizwa kila wimbo unapobadilika. Vile vijiti vya mapambo vinavyochezacheza kando ya wimbo vizimwe kwa aliyeweka `prefers-reduced-motion` (kupunguza miondoko). Binafsi ningeviacha kabisa.

Wijeti hii inamwambia kila mtu saa unazoamka, unazolala, na siku ambazo hukugusa kompyuta. Dawa ni kuonyesha wimbo wa mwisho tu, bila saa, na kuurefusha muda wa kache hadi `6h`. Anwani ya `playing-now` huihitaji tena, na wijeti inakuwa na ombi moja badala ya mawili. Lakini kumbuka ukurasa wako wa ListenBrainz wenyewe bado uko wazi kwa yeyote anayejua jina lako la akaunti, kwa hiyo chagua jina lisilofanana na la tovuti.