Nyumba ya runingani na nyumba utakayoinunua

Runingani, dalali anaonyesha nyumba 3, mnunuzi anachagua moja, nusu saa imekwisha. Dalali wa kweli anaweza kuzunguka nawe miezi, na kazi yake kubwa huioni: kukagua hati, kuvutana kuhusu bei, kukwambia "hii achana nayo". Tena mwaka 2012 mshiriki mmoja wa House Hunters, kipindi cha HGTV, kituo cha runinga cha Marekani, alieleza kwamba alikuwa ameshanunua nyumba yake kabla ya kurekodi. Zile nyingine zilikuwa za kuzugia tu!

Ukarabati ndio unaodanganya zaidi. Kwenye kipindi, ukuta unapigwa nyundo na baada ya matangazo jiko linang'aa. Kwako, ukuta kama huo huenda umebeba dari, ndani mna nyaya na mabomba, na kibali hakijatoka. Ingia bafuni, bonyeza kigae kilicho karibu na bomba. Kikicheza, huenda maji yameshapenya nyuma yake. Kamera haikai hapo. Inapenda rangi mpya na mito ya kochi.

Mimi namchukua dalali anayepiga magoti kuchungulia chini ya sinki, hata kama hajui kutabasamu.