Noor Jehan na Suraiya: uanze na nani?

Nyota hawa wawili wa kike wa filamu za zamani za India waliigiza na kuimba kwa sauti zao wenyewe, na mwaka 1946 walikutana katika filamu ya Anmol Ghadi, muziki ukiwa wa mtunzi Naushad. India ilipogawanywa 1947, Noor Jehan, mzaliwa wa Kasur, mji ulioangukia upande wa Pakistan, alihamia Pakistan. Suraiya, aliyekulia Bombay, akabaki hukohuko.

Suraiya anaimba kama anayekunong'oneza sikioni, taratibu, bila papara. Inaniuma kwamba aliacha filamu 1963, angali na umri wa miaka 34.

Noor Jehan alipoacha kuigiza hakuacha kuimba. Aliwaimbia waigizaji wengine kwa miongo, wao wakifuatisha kwa midomo tu kwenye filamu. Sikiliza wimbo wake Awaaz De Kahan Hai, wa kwenye Anmol Ghadi: sauti inapanda, haikwaruzi, inajaza chumba kizima. Mimi ningeanza na huyu. Suraiya namwekea usiku, taa zikishazimwa.